Jibu Lililopigiwa Makofi

Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, ndivyo wasemavyo Waswahili. Na wa kwako mwenyewe je? Jumamosi ile alasiri Najat alikuwa juu ya jukwaa la ukumbi mmoja wa Kinondoni, mbele ya watu waliojaa mpaka madirishani, na kama mtu angemuuliza moyo wake uko wapi asingeweza kumwonyesha. Mdomo ulikuwa ukieleza sayansi. Macho yalikuwa yakimkimbilia Mfaume.

Mfaume alikaa upande wa pili wa meza, karibu na kinyago kirefu alichokifunika kwa kanga. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na Najat alijua si lake, maana lilimbana mabegani. Siku zote akimtupia jicho, Mfaume humrudishia pamoja na kile kitabasamu cha upande mmoja ambacho kilikuwa kimemkosesha usingizi mwalimu wa watu. Leo hakurudisha kitu. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ana nini huyu?" Najat alijiuliza, huku akiendelea kuchora duara ubaoni kwa chaki.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Redio zilikuwa zimetangaza habari ya kondoo wa Ulaya aliyetengenezwa na wataalamu kutokana na chembe ya kondoo mwingine, bila dume kuhusika. Basi, mji ukapata la kusema. Barazani kondoo, sokoni kondoo, saluni kondoo. Walimu fulani na wasanii wakaona heri watu wakae waongee vizuri: mwalimu aeleze, msanii alete kazi yake, wananchi waulize. Mwalimu wa bayolojia aliyechaguliwa ni Najat. Msanii ni Mfaume, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago pale Mwenge. Waandaaji hawakujua kuwa watu hao wawili walikuwa wakipendana mpaka wanatia huruma, na kwamba posa ya Mfaume ilikuwa imelala kwa Mjomba Mashaka ikingoja jibu.

Na jibu lilikuwa halitoki kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa safu ya mbele, kajitanda buibui, mkoba kaupakata: Bi Hija, mama yake Najat.

"Mchonga masanamu?" alikuwa amesema siku posa ilipoletwa. "Ukoo wetu huu, wanaume wote mahodari wa Kurani, leo tumtie mchonga masanamu?"

"Mama, na yeye Mwislamu."

"Mwislamu wa Ijumaa. Jumamosi yuko na patasi."

Hata hivyo alikuwa amekubali kuja, akifuatana na mdogo wake Mashaka. Nikamwone kwa macho yangu, alisema, isije ikawa namkataa mtu nisiyemjua. Najat aliliona hilo kuwa neema kubwa, na usiku kucha aliomba dua siku hii ipite salama.

Palikuwa na kikwazo cha pili ambacho Bi Hija hakukijua. Mdogo wake Najat, Twaha, alikuwa amefariki kwa sikoseli kabla hata ndevu hazijamwota. Msiba huo ndio uliomsukuma Najat kwenye bayolojia, na bayolojia ikampeleka kupimwa damu. Yeye mwenyewe ni mzima, lakini chembe moja ya ugonjwa ule anayo, imelala. Kama Mfaume naye anayo, basi kila mtoto watakayemzaa atakuwa amewekwa kwenye bahati nasibu. Alimweleza haya yote Mfaume wakiwa wamekaa kwenye magogo ya mpingo nyuma ya banda lake, na Mfaume akaahidi kwenda kupima. Tangu siku hiyo kila akiulizwa hujibu, "Ntakwenda, mpenzi, ntakwenda."

"Mwalimu!" Mzee mmoja mwenye kofia ya mkono alisimama. "Huyo kondoo asiye na baba, akichinjwa, nyama yake inaliwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Hilo kamuulize shehe, mzee wangu," Najat alisema. "Mie nafundisha bayolojia tu, sina bucha."

Kicheko kikazidi, na Najat akapata nguvu. Akaeleza kuwa kondoo ni mwanzo tu. Ndani ya kila mtu mna maagizo ya mwili wake, chembe za urithi, nusu kapewa na baba na nusu na mama. Siku moja huenda wataalamu wakaweza kuyaingilia maagizo hayo na kuyasahihisha, ugonjwa ukang'olewa mtoto akiwa bado hajaumbika. Akatoa mfano wa sikoseli. Akachora baba, akachora mama, wote wawili wazima wa afya njema. Akaeleza kuwa mtoto mgonjwa huwa ameupokea ugonjwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, wala wao hawana habari kuwa wanao. Alieleza vizuri mno. Alipenda kufundisha, na akishika chaki husahau nani yuko mbele yake.

Mwendesha mjadala akamgeukia Mfaume. "Fundi, wewe wasemaje? Ungepewa patasi ya kuwachonga watoto kabla hawajazaliwa?"

Mfaume alisimama taratibu. "Ugonjwa ningeuchonga nikautoa. Sitawadanganya. Nani hapa asingeutoa?" Sauti yake ilikuwa ya chini, watu wakainama kusikiliza. "Ila mie najijua. Fundi akishashika patasi mkono hautulii. Ningetoa ugonjwa, halafu ningesema pua hii pana, hebu niipunguze. Halafu rangi. Halafu ukali wa baba mkwe." Watu wakacheka, na Mjomba Mashaka akajitazama kama kaguswa. "Nani angenishika mkono akaniambia basi, Mfaume, inatosha?"

"Serikali!" mtu akapaza sauti.

"Mungu!" akasema mwingine.

"Mkeo!" likatoka kwa wanawake, na ukumbi ukachangamka.

Najat alicheka na wenzake. Moyoni akasema, mama, msikilize, huyu ndiye. Akamchungulia Bi Hija. Bi Hija hakuwa akicheka. Alikuwa ameutazama ubao, ule mchoro wa baba na mama, na uso wake ulikuwa umepauka kwa namna ambayo Najat hakuielewa.

Hapo ndipo msichana mmoja wa safu za nyuma aliponyoosha mkono. "Naitwa Jesca, nang'arisha vinyago Mwenge. Swali langu kwa mwalimu. Hiyo patasi ya wataalamu haijafika Tanzania. Sasa wewe mwenyewe, sista, tuseme unayo hiyo chembe, na mchumba wako umempenda kweli, halafu ukaambiwa naye anayo. Utaolewa naye?"

"Wee Jesca!" watu wakaguna, lakini kwa utamu. Wote wakakaza macho jukwaani.

Najat angeweza kucheka akapita. Angeweza kusema hilo ni la mtu binafsi. Lakini alikuwa bado na chaki mkononi, na mbele ya macho yake alimwona Twaha, maumivu yake ya usiku na vilio vyake, na wale wauguzi wakitafuta mshipa. Akajibu upesi, kama anayejibu mtihani.

"Siolewi naye. Nikijua, siolewi. Watu wawili wenye chembe ile wakizaa kwa makusudi, huko ni kumuonea mtoto. Mapenzi hayawezi kuwa kisingizio."

Makofi yakalipuka. Mjomba Mashaka alipiga makofi mpaka kofia ikamwenda upande. Najat akamgeukia Mfaume akitaka aone kama amependezwa, na akakuta Mfaume amefumba macho.

Sasa kila kitu kikaanza kumchanganya. Mwendesha mjadala alikuwa akisema tuone kazi ya fundi, Mfaume alikuwa akiiendea ile kanga na kuivuta, na Najat bado alikuwa akijiuliza yale macho yamefumbwa kwa nini.

Kinyago kilikuwa cha mpingo mweusi, gogo moja, watu wamepandana na kushikana kuanzia chini hadi juu kama wafanyavyo Wamakonde, huyu kamkanyaga yule bega, yule kamshika huyu kiuno. Watu wakasema aah. Lakini Najat aliangalia chini kabisa, kwa yule aliyewabeba wote, na chaki ikamponyoka. Alikuwa mvulana. Amekaa, amekumbatia magoti yake, kichwa kakilaza begani, na juu ya hivyo anacheka. Twaha alikuwa akikaa hivyo hivyo maumivu yakimshika, na akicheka hivyo hivyo ili mama asiogope. Najat ndiye aliyemsimulia Mfaume. Sura ilikuwa ya Najat mwenyewe, maana Mfaume hakuwahi kumwona marehemu. Lakini Najat na Twaha walifanana kama shilingi kwa ya pili.

"Mwanangu!" Bi Hija alikuwa amesimama. Mkoba ulianguka, hakuushughulikia. "Mashaka, hebu tazama! Mwanangu huyu!"

"Mama," Mfaume alisema, na uso ukamng'aa kidogo, maskini, akidhani amefurahiwa. "Kwetu aliyetangulia huwekwa chini, awabebe waliobaki. Ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo. Nimemchonga ili..."

"Kwetu marehemu huombewa dua!" Bi Hija alipasua sauti. "Hachongwi! Nilimzika mwanangu kwa sanda, kwa Kurani, leo nimkute amesimamishwa ukumbini watu wanamnyooshea vidole? Nani amekupa ruhusa?"

Mjomba Mashaka alimshika dada yake mkono akamtoa nje, watu wakiwapisha. Mfaume alibaki na kanga mkononi. Najat akashuka jukwaani, akampitia pembeni bila kumtazama, akatokea mlango wa nyuma. Hakujua anakwenda wapi. Alijua tu kuwa Mfaume atamfuata, na alimfuata.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na bomba la maji na mama mmoja anayekaanga mihogo. Najat alisimama kando ya ukuta.

"Kwa nini hukuniuliza?" alianza kabla hajageuka.

"Nilitaka iwe zawadi. Kwa mama. Nilisema akimwona mwanawe atajua sijaja kuchukua mtu, nimekuja kuingia ukoo."

"Mfaume, miaka yote unaishi Dar es Salaam! Hujui mtu wa pwani na sanamu la maiti?"

"Si maiti yule. Anacheka." Akajipangusa uso kwa ile kanga. "Nimekosea. Nimekosea sana, Najat. Baba yangu anaswali, na bibi yangu kachongwa chini kabisa ya kinyago kilichoko nyumbani kwetu, hakuna aliyewahi kulia. Sikufikiri."

Najat alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa mikono yake miwili haikukubaliana, hakufanya lolote. Akauliza lile lililokuwa likimkera tangu mwanzo.

"Leo unanikwepa macho. Una nini? Umekwenda kupima?"

"Nimekwenda."

"Lini?"

"Majibu nimeyachukua asubuhi."

"Na?"

Mama wa mihogo aligeuza mihogo yake, mafuta yakachachatika. Mfaume alitazama chini.

"Ninayo," alisema.

Najat alisikia, lakini ilichukua muda neno lenyewe kumfikia. Kwanza alikumbuka jibu lake. Kisha makofi. Kisha yale macho yaliyofumbwa.

"Ulijua," alisema polepole. "Ulikaa pale, unajua, ukaniacha nikaropoka mbele ya watu wote wale? Kwa nini hukunivuta pembeni ukaniambia?"

"Nilitaka nisikie jibu lako kabla hujajua kuwa ni mie."

"Lakini yule msichana wa Mwenge ndiye aliye..." Najat akakatika. Jesca anang'arisha vinyago. Vinyago vya nani? "Umemtuma wewe."

Mfaume hakukana. "Ningekuuliza mwenyewe ungenionea huruma. Wewe nakujua. Ungelia, ungesema tutajaliwa, halafu ungeishi na mie ukiwa na hofu kila ukishika mimba. Nilitaka kweli yako."

"Kweli yangu ukaitegea mtego kama panya?"

"Niliogopa, Najat."

"Na mie je? Mie sistahili kuogopa? Mie natakiwa niogope mbele ya kipaza sauti?"

Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakujua ni ya hasira, ya aibu, au ya kumpenda mwanamume yule aliyesimama mbele yake na shati la kuazima. Alikuwa amesema kweli jukwaani? Ndiyo, alikuwa amesema kweli. Angeisema tena sasa? Alijaribu kuisema kimoyomoyo na maneno yakagoma.

"Posa nitakuja kuichukua," Mfaume alisema. "Jibu ulishalitoa, mwalimu. Kinondoni nzima imelisikia."

"Hata mimi nimelisikia."

Wote wawili waligeuka. Bi Hija alikuwa amesimama kwenye kona ya ukumbi, Mjomba Mashaka nyuma yake na funguo za gari mkononi. Hawakujua amefika tangu lini.

"Shikamoo, mama," Mfaume alisema, kwa kukosa la kusema.

Bi Hija hakuitikia. Alimkabili binti yake. "Kumbe Twaha nilimpa mimi ugonjwa ule."

"Mama..."

"Mimi na marehemu baba yako. Miaka yote hiyo nasema ni kijicho cha watu, ni mapenzi ya Mungu. Wewe ulijua, ukanificha. Leo ukanichora ubaoni."

Najat hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote alikuwa akilimeza neno lile ili mama yake asiumie, na leo kwa kunogewa na chaki amelimwaga mbele ya umati.

"Mama, sikukusudia. Nisamehe. Nilijisahau."

"Umesema wenye kitu hicho wasioane, ni kumuonea mtoto. Wamekupigia makofi, na huyu mjomba wako naye kapiga." Mjomba Mashaka akaangalia funguo zake. "Mie nilikuwa nimekaa pale nawahesabu wanangu. Naima. Wewe. Twaha. Mie na baba yako tungepimwa siku zile, akaja mwalimu kama wewe akatwambia msioane, asingebaki hata mmoja. Hata wewe wa kusema."

Mama wa mihogo mwenyewe alikuwa ameacha kukaanga.

"Kwa hiyo nimekosea, mama?" Najat aliuliza kwa sauti ya mtoto.

"Sijui!" Bi Hija alilia sasa, waziwazi, buibui limemteleza kichwani. "Nikikumbuka usiku wake, nasema umesema kweli, bora asingezaliwa akateseka. Nikikumbuka anavyocheka, nataka nikupige kofi. Usiniulize mimi. Mie si mtaalamu."

Mjomba Mashaka alikohoa. Alikuwa mtu wa taratibu, na mambo yakivurugika hukimbilia taratibu. "Sasa tufanyeje? Posa iko kwangu. Mshenga wao anakuja kesho kutwa kusikiliza jibu. Mwenyewe kijana anasema anaichukua. Nimwambie mshenga nini?"

"Mwambie sijui," Najat alisema.

"Posa haijibiwi sijui, mwanangu. Ni ndiyo ama hapana."

"Basi ikae mpaka nijue."

"Itakaa vipi? Watu watasema nini? Na huyu keshasema..."

"Mashaka," Bi Hija alimkata, akijifunga buibui upya. "Posa huirudisha aliyepelekewa. Aliyeileta hawezi kuifuata kama kuku aliyepotea. Iache hapo ilipo." Kisha akamgeukia Mfaume, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri, shati, mabega, mikono yenye makovu ya patasi. "Na wewe, sanamu lile silitaki. Usidhani nimelitaka. Lakini kabla hujalitoa pale, waondoe wale watu. Nimewaona dirishani, wanamshikashika magoti."

Mfaume aliitika kwa kichwa. Bi Hija akaondoka na mdogo wake kuelekea kwenye gari, akiegemea mkono wake kama amezeeka ndani ya alasiri moja.

Walibaki wawili. Kutoka ndani zilisikika sauti za watu waliokuwa bado wanabishana juu ya kondoo.

"Bado umekasirika?" Mfaume aliuliza.

"Sana."

"Utanisamehe?"

"Sijui."

"Kuna kitu unachokijua leo?"

Najat alijifuta machozi kwa pindo la ushungi. "Kipo kimoja. Lakini sikijibu kwa mtu aliyetumwa."

Mfaume alielewa. Akasogea karibu, mpaka Najat akasikia harufu ya mpingo na rangi ya viatu wanayong'arishia vinyago. Barabarani Mjomba Mashaka alipiga honi. Mfaume hakugeuka. Akamuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sauti ambayo hata mama wa mihogo hakuisikia.

"Ndiyo," Najat alisema. "Nakupenda. Na nikiolewa na wewe naogopa, na nisipoolewa na wewe naogopa."

Honi ikapigwa tena. Najat akaenda kwa mama yake.